Kiatu Katika Santuri ya Ng'ambo

Juu ya mlango wa Forosadi, mkahawa wa jazi ulio nyuma ya stesheni ya mji wa Okaya, Japani, palikuwa na kibao cha mbao chenye maneno manne: Santuri za ng'ambo tu. Kinue alipita chini ya kibao hicho kwa miaka thelathini na minane, mfuko wa sokoni mkono mmoja, mwavuli mkono wa pili, na hakuna siku aliyoacha kukiona. Mwenye mkahawa alikuwa mumewe, Momose. Na Kinue, kwa muda mrefu wa ndoa hiyo, alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha santuri za hapahapa Okaya.

Hebu pima mwenyewe. Mtu anashinda kutwa anaoka mkate, akirudi nyumbani anakuta mumewe kabandika tangazo mlangoni kwamba mkate wa mkewe hauliwi humu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Naona hawakufika Okaya.

Mama yake Kinue alikuwa wa kizazi cha hariri. Alitumia ujana wake wote na vidole ndani ya maji ya moto, akitafuta ncha ya uzi kwenye vifukofuko, na binti alipozaliwa akampa jina lenye hariri ndani yake. Hariri ilipokufa mjini kwetu vikaja viwanda vya saa, vya kamera, na kimoja cha santuri kando ya ziwa. Kinue aliingia hicho cha santuri mwaka 1966, akiwa na miaka kumi na minane, pamoja na wasichana ishirini wa rika lake.

Siku ya kwanza msimamizi aliwaketisha wote mbele ya spika akawaambia, "Mkisikia kitu ambacho si muziki, nyoosheni mkono." Wengine walinyoosha kila matoazi yalipolia. Wengine hawakunyoosha kabisa, wakabaki wanatazamana. Kinue alinyoosha mara tatu. Msimamizi alikuwa amehesabu kasoro mbili. Akairudisha sindano, akainama, akasikiliza mahali pale pa tatu mara nne nzima, halafu akainuka amekunja uso.

"Wewe binti, kwenu mnakula nini?"

"Wali, bwana. Na mboga ya kuchacha."

"Basi endelea kula hiyo hiyo. Kibanda namba kumi na nne ni chako."

Kibanda namba kumi na nne kikawa chake kwa miaka ishirini na mitatu. Hawakusikiliza santuri zote, nani angezimaliza? Katika kila kundi walichukua chache, wakazisikiliza mwanzo hadi mwisho. Nzuri iliwekewa kikaratasi chenye tarehe, namba ya kibanda na muhuri mwekundu wa mkaguzi. Mbovu ilitobolewa lebo yake, ikatupwa kwenye mashine, ikasagwa ikawa punje nyeusi za kutengenezea nyingine. Alisikiliza nyimbo za watoto, nyimbo za mapenzi za walevi, midundo ya gwaride kwa ajili ya michezo ya shule. Alizisikiliza bila kuzisikia, kwa sababu kazi yake haikuwa wimbo. Kazi yake ilikuwa kile kisichotakiwa kuwemo.

Momose alikuwa tarishi wa posta aliyeleta barua kiwandani. Alisoma Tokyo miaka miwili, masomo yakamshinda, lakini jazi ikamnasa huko huko. Mara ya kwanza alipomtoa Kinue kwenda kula samaki mkunga wa kuchoma, alimwambia, mdomo umejaa wali, "Kazi yako ni safi sana. Pole tu kwamba santuri zenu hazina sauti." Kinue alicheka mpaka akashika mbavu. Msichana aliyependa hucheka maneno ambayo mke hatayacheka.

Mwaka 1976 Momose aliacha posta, akafungua Forosadi. Sasa mkahawa wa jazi si mahali pa kupiga soga. Unaingia, unaagiza kahawa yako ya Kilimanjaro, unafunga mdomo, unasikiliza. Jalada la santuri inayopigwa husimamishwa kwenye kiegemeo kidogo juu ya kaunta, ili kila mtu ajue anachosikia bila kumsumbua jirani kwa maswali. Wateja wakamwita Momose "Masta", na Kinue wakamwita "Mama", naye akitoka kiwandani huvaa aproni na kuosha vikombe mpaka kufunga.

Ubishi wao ulikuwa jikoni, na ulikuwa ule ule kila mara.

"Zenu zimefunikwa blanketi," Momose angesema. "Za ng'ambo zina hewa. Unamsikia mtu anapumua."

"Baba, unamsikia mtu anapumua, na unasikia pia vumbi, mchanga, na mfanyakazi wa huko aliyetaka kuwahi chakula chake cha mchana. Juzi umeleta moja imepinda kama biskuti ya mchele. Umeinyoosha kwa kitu gani?"

"Kwa vioo viwili."

"Na juu ya vioo?"

"Jiwe."

"Jiwe la nani?"

"La kukandamizia mboga zako za kuchacha," Momose angekubali, akiangalia pembeni.

"Haya basi. Hewa yako imenyooshwa na jiwe langu."

Kinue hakuwa mpumbavu kwenye jambo hili. Alijua mumewe ana ukweli nusu. Tepu mama, ile iliyokuwa chumbani siku wanamuziki walipopiga, ilibaki Marekani. Japani ilipata mtoto wake, pengine mjukuu. Halafu fundi wa hapa, kwa kuhofia sindano hafifu za wateja, akapunguza kidogo huku, akalainisha kidogo kule. Ndiyo lile blanketi. Lakini santuri ya hapa ikizunguka, kati ya noti na noti palikuwa na kimya, kimya kweli, kwa sababu wako watu walioketi kwenye vibanda kukilinda. Kimya kile alikuwa amekitengeneza yeye. Nani huweka jalada la kimya kwenye kiegemeo?

Kwa hiyo alitaka kitu kimoja tu, na alikitaka kwa miaka mingi mpaka kikawa kama jino linalouma baridi ikija: asikie, ndani ya nyumba yake, kwenye spika zile kubwa zilizompotezea mumewe akiba yote, santuri moja iliyopita mikononi mwake. Hakukiomba. Aliona haya kuomba. Na kibao kilikuwa pale juu.

Sasa ukistaajabu ya Musa, subiri.

Majira ya kuchipua ya 1983, Momose aliagiza kwa posta, kutoka duka moja la Tokyo, santuri ya Kimarekani ya mpiga piano aitwaye Orrin Tadlock. Ilikuja na jalada nene, lebo ya Kiingereza kitupu, na bei iliyomfanya Kinue aendelee na koti lake la zamani mwaka mwingine. Momose aliifungua akainusa, maana alikuwa na tabia ya kuzinusa, akaipiga, akakaa kwenye kiti chake cha katikati, kile kinachotazama spika zote mbili sawasawa, ambacho hakuna mwingine aliyekikalia. Karibu na mwisho wa upande wa pili, mahali Tadlock anaponyamaza kabla ya kurudia wimbo kwa mara ya mwisho, kikasikika kitu. Tk. Kidogo sana.

Momose aliruka kitini. "Umesikia? Kiatu! Kiatu chake kimegusa kanyagio la piano! Mungu wangu, mtu yumo humu ndani!"

Kinue alikuwa kaunta na kikombe mkononi. Alikisikia. Na haikuwa mara yake ya kwanza kukisikia.

Desturi ya nyumba hiyo, santuri mpya ilivuliwa mfuko wake wa karatasi wa ndani na kuvalishwa wa plastiki laini, na kazi hiyo ilikuwa ya Kinue. Jioni ile alipoutikisa ule mfuko wa karatasi, kikaanguka kikaratasi. Tarehe: Februari 1981. Namba: kumi na nne. Muhuri mwekundu, wake mwenyewe, umepinda kidogo kushoto kama ulivyopinda siku zote.

Mwaka ule kampuni moja ya Marekani ilikuwa imechoshwa na mchanga kwenye santuri zake. Ikachonga mifereji ya sauti huko kwao kutoka tepu mama, ikasafirisha kalibu za chuma kwa ndege, na kiwanda cha Okaya kikazichapa, kikazipakia, kikazirudisha Marekani zikauzwe. Baadhi zikanunuliwa na wenye maduka wa Tokyo, zikavuka bahari tena. Moja ikaja kushuka kilomita mbili kutoka mahali ilipozaliwa. Ukisema ninakudanganya sitakulaumu. Lakini kikaratasi kilikuwa mkononi mwake.

Na ile tk? Hapo ndipo palipokuwa na donda. Februari ile, kibandani, Kinue alikuwa ametoka kusikiliza gwaride wiki tatu mfululizo. Ikaja hii. Mpiga piano aliingia taratibu, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitano ya kazi Kinue akasahau kazi yake. Alilia. Alilia kweli, pua na machozi, akimkumbuka mama yake aliyezikwa Novemba, na vidole vyake vilivyobabuka. Halafu, karibu na mwisho, katikati ya kimya, tk. Kipele kidogo kwenye mfereji wa santuri. Kasoro. Mkono ukaenda kwenye kitobozi cha lebo kama ulivyozoea, na akaona mashine, na zile punje nyeusi. Hakuweza. Akapiga muhuri. Mara moja tu katika miaka ishirini na mitatu, Kinue alipitisha kilicho kibovu akijua ni kibovu.

Basi angesema nini usiku ule kwa mumewe? Kwamba santuri yako bora ya ng'ambo tumeichapa sisi? Angelisema hilo kwa furaha, angelipigia ngoma. Lakini nusu ya pili ya sentensi ingefuata: na kiatu chako ni uzembe wangu. Heshima na aibu zilikuwa kwenye kikaratasi kimoja, huwezi kuchukua moja ukaacha nyingine. Akakificha kwenye sanduku lake la sindano, chini ya vifungo.

Ikawa mbaya zaidi. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1989, sidii zimeshaua santuri, Kinue alipewa saa ya ukutani yenye maandishi: kwa utumishi usio na kosa. Momose aliitundika jikoni kwa fahari. Halafu kiatu kikaanza kupata jina. Watu walikuja kutoka Matsumoto, kutoka Kofu, kukisikiliza. Momose huinua kidole sekunde mbili kabla, "Sasa… hapo!", na wateja hutikisa vichwa kama waliofunuliwa siri. Gazeti moja la muziki likaandika nusu ukurasa, na Momose akaiweka kwenye fremu. Kila kidole kile kilipoinuka, Kinue huko kaunta aliona haya, na chini ya haya, Mungu amsamehe, furaha kidogo.

Miaka ikaenda hivyo mpaka Novemba 2014.

Daktari Karasawa, mganga wa meno wa mtaa wa tatu, alikuwa mteja wa miaka ishirini na mtu wa kutaniwa zaidi, kwa kuwa alirithi santuri za baba yake na zote zilikuwa za ndani ya nchi. Jumapili moja alasiri akaja amekumbatia bahasha.

"Masta, leo nimekuletea mgeni." Akaitoa: Tadlock yule yule, chapa ya Kijapani, bado ina ukanda wake wa karatasi ubavuni wenye maandishi yetu.

"Mvulie viatu nje," akasema Momose. "Hujasoma kibao?"

"Nimekisoma miaka ishirini, macho yameniuma. Tushindane. Tugeuze migongo, Mama atupigie nyuma ya pazia, ya kwanza na ya pili, bila kusema ipi ni ipi. Ya ndani ikishinda, kibao kishuke."

"Daktari, wewe shughulika na mashimo ya meno. Masikio tuachie wenyewe."

"Unaogopa," akadakia mzee Takei, mtengeneza miso ya soya, kutoka kiti cha pembeni. "Masta anaogopa. Tazama sharubu zinavyotetemeka."

"Naogopa nini? Kinue! Vuta pazia!"

Kinue alivuta pazia. Kibao kinaweza kushuka. Leo, kwa haki, mbele ya mashahidi, bila yeye kuomba. Aliichukua ile ya Karasawa akaigeuzageuza chini ya taa. Ilikuwa ya kiwandani kwao, safi, na ndani ya mfuko kulikuwa na kikaratasi: namba tisa. Masae. Masae wa kibanda namba tisa, aliyekuwa akila machenza kwa siri. "Tusaidie, dada," Kinue akanong'ona, akaiweka ya kwanza.

Upande wa pili wote. Wanaume watatu wamekaa wamempa mgongo, vikombe vimepoa. Kinue alisikia kila kitu: blanketi lipo, kweli, jembamba, lakini chini yake piano inatembea bila doa. Kwenye upenyo wa pazia aliona bega la mumewe limelegea kama linavyolegea akipenda kitu. Aliona kichwa cha Takei kimeinama. Tunashinda, akawaza. Masae, tunashinda. Pakafika mahali pale, kabla ya wimbo kurudiwa, na Momose akainua kidole kwa mazoea.

Kimya. Kimya safi, kilicholindwa.

Kidole kikashuka. "Ah," akasema Momose. "Blanketi."

Ya pili haikuhitaji hata kufika mwisho, lakini waliisubiri. Piano ikawa karibu zaidi, ndiyo, pumzi ikawemo. Kidole kikainuka. Tk. Takei akapiga goti, Karasawa akaangua kicheko cha kushindwa. "Basi, basi! Kiatu kimenipiga teke. Ya pili ni ya ng'ambo, na ndiyo nzuri. Kibao kibaki."

Kinue alisimama nyuma ya pazia mikono imening'inia. Wameshindwa kwa sababu Masae alikuwa msafi. Wameshindwa kwa sababu yeye hakuwa. Akaiondoa sindano juu ya santuri.

Pengine hata hapo angenyamaza. Miaka thelathini na moja ya kunyamaza ina mazoea yake. Lakini Momose alisimama, uso umemwiva kwa ushindi, akaanza kuhutubia.

"Mnaona, si kwamba watu wetu hawakuwa na bidii. Walikuwa na mikono misafi mno! Hawakuwa na masikio. Wakisikia kiatu wanadhani ni uchafu, wanafuta. Muulizeni Mama. Kinue! Hii ya Tadlock ingepita kibandani kwako, ungeifanyaje? Ungeikataa, sivyo? Ungeisaga!" Akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Ndiyo maana iliuma.

Pazia likafunguka.

"Niliisikia," akasema Kinue. "Sikuikataa."

"Eh?"

"Niliisikia mwaka themanini na moja, mwezi wa pili, kibanda namba kumi na nne. Hiyo unayojivunia tumeichapa sisi. Chukua lenzi yako uangalie karibu na lebo, kuna alama ndogo ya kiwanda, huwa huitazami kwa sababu unatazama Kiingereza. Na hicho si kiatu, Baba. Ni kipele. Ni kasoro. Nilitakiwa kuitoboa na nikashindwa, kwa sababu ilikuwa nzuri na nilikuwa nalia."

Kinue alipanda ngazi, wakasikia droo ikivutwa, vifungo vikimwagika. Akashuka na kikaratasi, akakiweka kaunta mbele ya mumewe, na muhuri wake mwekundu uliopinda kushoto.

Momose alisoma. Akachukua lenzi. Akainama juu ya santuri muda mrefu. Alipoinuka alikuwa amezeeka.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku uliyoileta."

"Na watu wote wale kutoka Kofu… Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza nasikia nini. Umeniambia unachosikia wewe maisha yetu yote. Mimi kazi yangu ilikuwa kusikia, na humu ndani hujaniuliza hata siku moja." Akagonga kikaratasi kwa kidole. "Hata siku moja, Baba."

Mzee Takei alikohoa. "Sasa… nani kashinda?" akauliza, na Karasawa akamkanyaga mguu. Wakavaa makoti yao, wakainama, wakatoka taratibu. Karasawa aliisahau bahasha yake, au alijifanya kuisahau.

Siku mbili Forosadi haikufunguliwa. Momose alikula bila kusema, akalala amegeukia ukutani. Kinue naye hakumbembeleza. Alishusha ile saa ya jikoni ukutani, akaifunga kwa kitambaa, akaiweka chini ya ngazi. Momose alipoingia asubuhi ya tatu akasimama akitazama msumari mtupu.

"Saa iko wapi?"

"Nimeishusha. Inasema utumishi usio na kosa. Si haki yangu."

Momose alikuna shingo. "Irudishe. Tutajuaje saa ya chai?" Akatoka.

Kinue alikwenda sokoni, akarudi kwa njia ya mbele. Kibao kilikuwa palepale juu ya mlango. Momose alishinda shindano, na si mtu wa kuachia ushindi. Kinue alikitazama, akasonya, akaingia.

Ndani jiko la mafuta lilikuwa limewashwa na vikombe viwili vya Kilimanjaro vinatoa moshi. Nusu ukurasa wa gazeti haukuwa ukutani. Kwenye kiegemeo cha kaunta, mahali pa jalada la santuri inayopigwa, hapakuwa na jalada. Kilisimamishwa kikaratasi kidogo cha ukaguzi, kimeegeshwa kwa kifungo cha shati ili kisianguke. Namba kumi na nne.

"Weka mfuko chini," akasema Momose. Alikuwa amesimama kando ya kiti chake cha katikati, mkono kwenye mgongo wa kiti. "Kaa."

"Hapo?"

"Hapo. Hapa pembeni husikii kitu. Nimejaribu asubuhi. Kule kaunta ulikosimama miaka yote hii spika ya kushoto haifiki kabisa."

"Najua."

"Ndiyo," akasema Momose. "Nadhani unajua."

Alikaa. Kiti kilikuwa na bonde la mwili wa mumewe, miguu yake haikufika chini vizuri. Momose akashusha sindano, akavuta kigoda, akaketi pembeni, nje kabisa ya mahali pazuri, mikono magotini. Spika zile kubwa zikafunguka mbele ya Kinue sawasawa, kushoto na kulia, na mpiga piano akaingia taratibu kama alivyoingia siku ile kibandani. Upande wa pili ukaenda mpaka karibu na mwisho, mpaka pale Tadlock anaponyamaza, na Kinue akamtazama mumewe kwa pembe ya jicho. Momose hakuinua kidole. Aliinamisha kichwa, anasubiri.

Kidole kilichoinuka kilikuwa cha Kinue.

Tk.

"Hapo," akasema. "Hapo ndipo nilipokuwa."